Katuni za miaka ya 1990 zilizozikwa mapema: zipi za kutafuta, na nakala ipi ya kutazama

Tarehe 16 Novemba 1990 Disney ilipeleka The Rescuers Down Under, katuni ya panya waokoaji, kwenye majumba ya sinema ya Marekani, siku ileile iliyotoka Home Alone. Familia zikaenda kumtazama yule mtoto aliyesahauliwa nyumbani. Wikiendi ya kwanza ilipokwisha na hesabu ya tiketi kuja chini, Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa mkuu wa studio, aliagiza matangazo ya televisheni yasimamishwe. Filamu ikaachwa ijifie. Marekani iliingiza karibu dola milioni 28, na kwa miaka mingi watu waliamini ilianguka kwa sababu ni mbovu.

Muongo ule una katuni nyingi za namna hiyo. Nyingine zilikutana na mshindani mkubwa, nyingine zilizaliwa wakati studio inabadilisha mwenyewe, nyingine zilinyang'anywa mikononi mwa aliyezitunga. Kisha zikapata msiba wa pili kwenye kanda na diski: picha iliyokatwa pembeni, mwendo ulioharakishwa, matoleo yaliyochezewa na watu wengine. Mtu anatazama nakala mbaya, kisha anailaumu filamu. Kwa hiyo hapa filamu na nakala yake vinapimwa pamoja.

Tumalize kwanza na hiyo ya panya. Dakika kama kumi za mwanzo ni miongoni mwa kazi bora kabisa Disney iliyowahi kuchora. Cody, mvulana wa nyika za Australia, anapanda jabali kumfungua Marahute, tai wa dhahabu mkubwa ajabu aliyenaswa kwenye kamba za jangili. Tai anapojinasua mtoto anasukumwa na kuanguka, tai anashuka kama jiwe na kumdaka, kisha wanapaa pamoja juu ya mawingu. Glen Keane, aliyesimamia uchoraji wa tai huyo, hakumpa uso wa kibinadamu wala neno la kusema. Kila hisia iko kwenye shingo, kwenye jicho, na kwenye namna bawa linavyofunguka unyoya baada ya unyoya.

Kiufundi, hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza iliyotiwa rangi na kuunganishwa yote kwa kompyuta, kwa mfumo wa CAPS ambao Disney iliutengeneza pamoja na Pixar. Wachoraji waliendelea kuchora kwa penseli juu ya karatasi. Tofauti ni kwamba karatasi ziliskaniwa na rangi ikajazwa kwenye kompyuta, badala ya kupakwa kwa brashi nyuma ya plastiki angavu. Zamani kila plastiki iliyolazwa juu ya nyingine ilififiza rangi za chini yake, kwa hiyo tabaka zilikuwa na kikomo. Kikomo hicho kilipoondoka, picha iliweza kukimbia juu ya majani na maua, ikapita katikati ya tabaka nyingi bila rangi kuchuja hata kidogo. Ndicho unachokiona tangu sekunde za kwanza.

Kasoro zake ziko kwenye hadithi. Cody akishafungiwa, katikati panalegea, na vichekesho vya albatrosi Wilbur hospitalini vimevutwa mno, hata kwa sauti ya John Candy. Mwisho ndio unaouma zaidi: wanyama wengine waliofungiwa pamoja na Cody hawaonyeshwi tena. Mtoto makini atauliza wamekwenda wapi, na filamu haina jibu. Inachukua dakika 77, haina nyimbo za kuimbwa na wahusika, na inawafaa watoto kuanzia miaka sita hivi. Chini ya hapo, jangili McLeach anaporusha visu karibu na kichwa cha Cody, au anapomning'iniza juu ya mamba, panatisha kweli.

Sasa The Iron Giant. Kama utatazama moja tu kati ya hizi, tazama hii. Warner Bros. iliitoa Agosti 1999, ikiwa kazi ya kwanza ndefu ya Brad Bird, kutoka kitabu cha Ted Hughes cha mwaka 1968. Marekani iliambulia kama dola milioni 23, chini sana ya gharama yake, kwa sababu studio ilikuwa imekwisha kukata tamaa na idara yake ya katuni na matangazo yakaja kwa kuchelewa. Mwaka huohuo ilizoa tuzo tisa za Annie, tuzo za fani ya katuni. Wenye fani waliijua thamani yake. Watazamaji hawakuambiwa kwamba ipo.

Ni mwaka 1957, mji mdogo wa Rockwell, jimbo la Maine, wakati Sputnik, satelaiti ya Kisovieti, inazunguka juu ya vichwa na kila mtu anaogopa bomu. Hogarth, mvulana anayelelewa na mama peke yake, anamwokoa jitu la chuma lililokuwa linakula nyaya za umeme. Wazo ambalo Bird alikwenda nalo studio lilikuwa fupi: itakuwaje silaha ikiwa na roho, na ikakataa kuwa silaha? Kila onyesho linarudi hapo, na hakuna hata moja linalohubiri.

Chukua lile la swala porini. Jitu na mtoto wanamkuta dume la swala, wanatazamana nalo kwa utulivu, linaondoka. Mlio wa bunduki unasikika. Wanamkuta amelala, wawindaji wamesimama kando yake, na macho ya jitu yanaanza kubadilika lilipoiona ile bunduki. Mvulana anajitahidi kueleza: kuua ni vibaya, lakini kufa si vibaya, kwa kuwa kila kiumbe hufa. Mtoto wa miaka tisa anamfundisha mtoto mwingine, ambaye ni mkubwa kama mnara, na mwongozaji hajaongeza machozi wala fidla za kusukuma moyo. Ukiwa na mtoto pembeni, hapo ndipo maswali yataanza. Usikimbilie kusimamisha filamu ili umweleze. Dakika ishirini zinazofuata zinamjibu.

Na inachekesha. Mkono wa jitu unakatika na kutangulia peke yake hadi nyumbani kwa Hogarth, unazurura sebuleni kama mbwa mdadisi, wakati mama ameketi mezani anasubiri sala ya chakula. Mvulana anauona, anapaza jina la Mungu kwa mshtuko, kisha inabidi aligeuze neno hilo liwe sala palepale, huku akiuamuru mkono uondoke katikati ya maombi. Pima muda wake: kila neno lina mwendo wa mkono unaolijibu. Kuchekesha kwa saa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko milipuko yote ya mwisho.

Jitu lilichorwa kwa kompyuta, watu wakachorwa kwa mkono. Hatari ya mchanganyiko huo ni kwamba mistari ya kompyuta hunyooka mno na kitu kinaonekana kimebandikwa juu ya picha. Waliandika programu ya kuutikisa mstari wa jitu kidogo sana, uyumbe kama uliopitiwa na mkono wa mtu. Ndiyo maana linakaa vizuri ndani ya msitu ule wa majani ya vuli.

Nakala: ziko mbili rasmi. Ya sinema ina dakika 86 hivi. Ya mwaka 2015, iitwayo Signature Edition, imeongezewa maonyesho mawili mafupi: mazungumzo ya mama na Dean, msanii wa vyuma chakavu, mgahawani, na ndoto ya jitu. Pamoja ni kama dakika mbili. Ndoto inaeleza lilikotoka, na kwangu inapunguza fumbo. Kwa mara ya kwanza chagua ya sinema. Jambo la lazima ni umbo la picha. Filamu hii ni pana, upana ni mara 2.39 ya kimo. Ikibanwa kwenye umbo la 4:3 la kanda za zamani, unapoteza asilimia 44 ya upana. Hata ikikatwa ijaze runinga ya kisasa ya 16:9, robo imekwenda. Bird aliupanga upana huo kwa makusudi: upande mmoja mtoto, upande wa pili kidole cha chuma kikubwa kuliko yeye. Ukikata, kinabaki kimoja. Mistari myeusi juu na chini ni dalili njema. Iache, na usibonyeze kitufe cha kukuza picha.

Maadam tumefika kwenye runinga, kuna mpangilio mmoja unaoharibu katuni zote za kuchorwa kwa mkono kuliko kasoro nyingine yoyote: ule wa kulainisha mwendo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya katuni hizi kila mchoro unashikiliwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Mchoraji alichagua pengo hilo, na nguvu ya pigo, mruko au mshtuko hutoka humo. Runinga inayolainisha inabuni picha za kati ambazo hakuna aliyezichora: vidole vinaota vivuli, kingo za mistari zinayeyuka, mruko mkali unageuka kuelea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta chochote kinachohusu mwendo au ulaini, uzime kabisa, siyo kupunguza. Hali ya sinema mara nyingi huzima sehemu tu, kwa hiyo hakikisha mwenyewe. Zima na kipengele cha kupunguza chenga. Katuni za kale zina chembechembe za filamu, na kuzisafisha huondoka na mistari myembamba ya penseli.

Kipimo kingine ni saa. Nakala zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL, wa runinga za Ulaya na kwingineko, zilicheza fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu inakwenda haraka kwa asilimia nne na sauti, isiporekebishwa, inapanda kidogo. Filamu ya dakika 86 inaishia kwenye dakika 82 na nusu. Ya 77 inashuka hadi 74. Ukiona upungufu wa namna hiyo, hakuna onyesho lililokatwa, ila waimbaji watasikika wembamba kuliko walivyo. Na ukiona meno kama ya kitana kwenye kingo za kitu kinachokimbia, hiyo ni picha ya mistari iliyounganishwa vibaya. Tafuta nakala nyingine, hakuna kitufe kitakachoiponya.

Suala la sauti kupanda linauma zaidi kwenye Cats Don't Dance ya mwaka 1997, kwa kuwa ni filamu ya muziki. Ilitengenezwa na Turner Feature Animation chini ya mwongozaji Mark Dindal. Kabla haijatoka, Turner ikamezwa na Time Warner mwaka 1996, na wamiliki wapya hawakuwa na hamu ya kuitangaza mali waliyoirithi. Ilipata chini ya dola milioni 4 Marekani. Miezi michache baadaye ikashinda tuzo ya Annie ya filamu bora ya katuni ya mwaka.

Danny ni paka kutoka Kokomo, Indiana, anayefika Hollywood mwaka 1939 akiwa na ratiba: siku fulani kupata kazi, siku fulani kuwa nyota. Anapata kazi kweli, kwenye filamu ya safina ya Nuhu, na maneno yake yote ni moja: "Miau." Wanyama mjini hapo wanaruhusiwa kulia kama wanyama, kuimba na kucheza ni kwa binadamu. Danny anaona neno moja ni dogo, analigeuza kuwa wimbo na dansi mbele ya Darla Dimple, nyota mtoto mwenye sura ya malaika. Hapo uadui unaanza. Huhitaji kumweleza mtu mzima kinachosemwa juu ya Hollywood ya wakati ule na nani alipewa nafasi gani. Mtoto naye ataelewa kwamba kuna dhuluma, na hilo linamtosha.

Kivutio ni miguu. Gene Kelly alikuwa mshauri wa dansi katika kazi zake za mwisho. Alifariki Februari 1996 na filamu imewekwa kwa kumbukumbu yake. Tazama dansi ya uchochoroni usiku: uzito unahama kutoka kisigino hadi kidole, goti linatangulia, mkia unachelewa nusu pigo. Katuni nyingi hucheza kwa kurusha mikono. Hawa wanakanyaga sakafu. Nyimbo ni za Randy Newman, na Sawyer, paka wa kike, anapoimba unamsikia Natalie Cole. Kinachopungua ni kina cha wahusika wa pembeni: kiboko, mbuzi, kasa na samaki wana mzaha mmoja mmoja na hawapati kingine. Max, mhudumu wa Darla aliyechorwa kama ukuta unaotembea, anawapita wote bila kusema mengi.

Ni dakika 75, inafaa hata kwa watoto wa miaka minne. DVD ya Marekani ya mwaka 2002 iko kwenye umbo la 4:3, iepuke. Kwenye dansi za kundi wachezaji wa kando hawana nafasi. Blu-ray ya Warner Archive inarudisha upana wake. Na usizime majina ya mwisho yanapopita, maana kuna mabango ya filamu maarufu yaliyochorwa upya wanyama wakiwa ndio nyota.

Balto ya mwaka 1995 inahitaji maneno machache. Ilitoka mwezi mmoja baada ya Toy Story, na Amblimation, studio ya London iliyoichora, haikutengeneza filamu nyingine. Theluji, taa za kaskazini na muziki wa James Horner ni vya kushiba. Bata bukini na dubu wa kuchekesha ni wa kuvumilia. Ila ukiitazama na watoto, wape habari sahihi. Mwaka 1925 dawa ya dondakoo ilipelekwa Nome, Alaska, kwa kupokezana: waendeshaji 20 na mbwa wapatao 150 kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000. Balto alikuwa kwenye timu ya Gunnar Kaasen, ya mwisho. Kipande kirefu na cha hatari zaidi kilikwenda na Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, ambaye filamu haimtaji. Na Balto hakuwa nusu mbwa mwitu.

A Goofy Movie, ya mwaka huohuo, watu wa rika fulani wanaipenda na wengine hawajui kama ipo. Baba na mwana kwenye gari, baba anang'ang'ania kuvua samaki, mwana ana uongo anaoogopa kufichuka. Wape vijana wa miaka kumi na kuendelea. Nyimbo mbili za Powerline, mwimbaji nyota wa ndani ya filamu, zilizoimbwa na Tevin Campbell, hazijazeeka.

The Thief and the Cobbler ni shauri lingine, na hapa kukosea nakala ni kuikosa filamu nzima. Richard Williams, aliyeongoza katuni za Who Framed Roger Rabbit, aliianza katika miaka ya 1960 na kuifanyia kazi karibu miaka thelathini. Mwaka 1992 alishindwa kumaliza kwa wakati, akanyang'anywa, ikamaliziwa na wengine. Toleo la kwanza likatoka mwaka 1993 kwa jina The Princess and the Cobbler, dakika 80 hivi, likiwa limepachikwa nyimbo. Mwaka 1995 Miramax ikatoa la kwake, Arabian Knight, dakika 72 hivi, na humo fundi viatu na mwizi, ambao Williams aliwakusudia wawe karibu mabubu, wanasema mfululizo hadi wanachosha. Kwa kuwa Aladdin ilikwisha tangulia mwaka 1992, watazamaji wakadhani wanaona mwigo, kumbe hii ndiyo iliyoanza zamani.

Kinachobaki cha Williams bado kinashangaza. Waziri ZigZag, kwa sauti ya Vincent Price, anachanganya karata: kila karata ina mchoro wake, kila kidole kina pete yake, na mchoro ni mpya kila fremu, 24 kwa sekunde. Sakafu za jumba zina miraba nyeusi na nyeupe inayodanganya jicho, ngazi zinalala kama ukuta, kwa mtindo wa picha ndogo za Kiajemi. Halafu mtambo wa vita: msumari mmoja mdogo wa fundi viatu unaanzisha uharibifu wa mashine yenye ukubwa wa mji, huku mwizi akipita katikati ya moto na magurudumu bila kuguswa, jicho lake liko kwenye mipira ya dhahabu tu.

Ukikuta toleo la Miramax pekee, zima sauti kwenye onyesho la karata na la mtambo. Yanasomeka vizuri zaidi kimya. Lililo bora ni mkusanyiko uliofanywa na mashabiki uitwao Recobbled Cut, uliorudisha mpangilio wa Williams. Utegemee ubora kupanda na kushuka ghafla: sehemu zilizokamilika zinang'aa, zilizobaki ni penseli tupu kwenye karatasi nyeupe. Watoto wadogo watachoka hapo. Wanaochora hawatabanduka.

Ya mwisho ni Kirikou et la Sorcière ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998. Ufaransa ilijaza kumbi, ikapata tuzo kuu ya filamu ndefu kwenye tamasha la katuni la Annecy mwaka 1999, lakini soko la Kiingereza liliinyima njia kwa muda mrefu. Sababu ilikuwa matiti ya akina mama na watoto walio uchi, kama kijiji cha hadithi yake kinavyovaa. Walitaka wavikwe, Ocelot akakataa. Alikaa utotoni Conakry, Guinea, na uamuzi huo ulitokana na alichokijua.

Kirikou anasema angali tumboni, anajizaa mwenyewe, anajikata kitovu, kisha anauliza maji yako wapi na kwa nini Karaba mchawi ni mbaya. Watu wazima wana majibu ya haraka: ni mchawi, basi. Yeye anauliza tena, na anauliza tena, mpaka anamfikia babu yake ndani ya kichuguu kikubwa mlimani, ambako anaambiwa kuhusu mwiba wenye sumu uliopigiliwa mgongoni mwa Karaba, mahali asipoweza kuufikia mwenyewe. Katuni nyingine za muongo ule zilimtupa mbaya wao kutoka kwenye jabali. Hii inauliza nani alimwumiza.

Michoro ni bapa, wahusika wanatembea kwa ubavu mbele ya majani yaliyochorwa jani kwa jani, hakuna mbio za kamera. Anayetoka kwenye filamu za kasi ataona polepole kwa dakika kumi za kwanza, kisha atazoea. Muziki ni wa Youssou N'Dour, kwa kora na balafoni, na sauti za Kifaransa zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa Senegal. Chagua sauti hizo pamoja na maandishi ya tafsiri. Ni dakika 71 hivi na sentensi ni fupi, kwa hiyo hata mtu mzima akimsomea mtoto kwa sauti ya chini anawahi kila mstari kabla haujaondoka kwenye kioo.